Onyesha kazi kabla bamvua halijapita

Mfumo wa kompyuta wa kwanza niliousimamia mwenyewe ulikufa kwenye gati ya Mkoani, mbele ya macho yangu. Tulimtengenezea mfanyabiashara wa jumla mfumo wa stoo: mchele, sukari na unga vinatoka Unguja, vinapokewa Pemba, hesabu inaonekana pande zote mbili. Mahitaji tuliyaandika kwenye waraka wa kurasa mia na kitu, tajiri akatia saini, tukajifungia Mjini miezi tisa. Siku ya kukabidhi tukapanda boti na kompyuta zetu. Karani wa stoo, mzee mpole, akakitazama kioo kwa muda, kisha akauliza: "Mwanangu, yakitoka magunia hamsini nikapokea arubaini na nane, hayo mawili nayaandika wapi?"

Hapakuwa na pa kuyaandika. Mfumo ulikubali shehena nzima au ukaikataa nzima. Gunia hupasuka, jengine husahaulika bandarini, na hakuna karani asiyelijua hilo. Sisi tulimuuliza tajiri, na tajiri hapokei magunia.

Tangu hapo nimehamisha timu mbili kutoka utaratibu wa zamani, yaani mahitaji yote, kisha michoro yote, kisha programu yote, majaribio mwisho, kwenda kwenye huu unaoitwa ajaili (agile): kazi inafanywa kwa vipande vidogo, na mteja anaonyeshwa kila kipande kinapokamilika. Wakongwe wanaoutetea ule wa zamani hawapendi kusikia hili, lakini Winston Royce, ambaye makala yake ya 1970 hutajwa kama chimbuko lake, aliandika humo humo kuwa kuufuata hivyo ni hatari.

Timu ya kwanza niliiharibu. Kwanza kwa neno: nilimwambia mkurugenzi kuwa ajaili ni njia ya haraka. Akafurahi, akakata theluthi ya muda wa mradi. Mtengenezaji wetu mkongwe akanijibu kuwa haraka haraka haina baraka, na alikuwa na haki. Tamko la ajaili, lililoandikwa na watu 17 huko Utah, Marekani, Februari 2001, linatanguliza watu na mazungumzo yao mbele ya taratibu na zana, programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nyingi, kushirikiana na mteja mbele ya kuvutana juu ya mkataba, na kuitikia mabadiliko mbele ya kushikilia mpango. Likaongeza kuwa hivyo vya nyuma navyo vina thamani, sehemu ambayo watu huiruka. Basi akija mtu kukwambia ajaili haina nyaraka, mkatalie. Faida yake ni kujua umekosea wakati kosa lina umri wa wiki mbili.

Pili, nilianza na vikao. Nikaleta skramu, mtindo mmoja wa ajaili wenye vikao vyake maalumu, yote kwa mpigo: kikao cha kila siku, cha kupanga, cha kutathmini, kadi za rangi ukutani. Kikao cha kila siku, ambacho ukomo wake ni dakika 15, kikafika dakika 50, kila mmoja akiniripotia mimi kama mtoto anayesoma juzuu mbele ya mwalimu wake. Hakuna aliyesema amekwama. Kwetu kusema "sijui" mbele ya mkubwa ni kama kujivua nguo. Kijana aliyekwama siku nne alinijibu "inakwenda, inshallah", nami sikuwa bado nimejifunza kuisikia ile inshallah iliyo kavu.

Kwa timu ya pili nilishika jambo moja tu: kila wiki mbili, anayeutumia mfumo aone kitu kinachofanya kazi. Vikao vyengine vingekuja vikihitajika. Sprinti, yaani kile kipindi kifupi cha kazi, hatukuiita sprinti. Mwenzetu mmoja wa Jambiani, ambaye mamake analima mwani, aliiita bamvua na jina likashika. Mwani huhudumiwa maji yanapotoka sana, mwezi mchanga na mwezi mpevu, karibu kila siku 15. Kilichowahi kufungwa kwenye kamba kimefungwa, kilichobaki kinangoja bamvua jengine, kwa sababu hakuna anayeiomba bahari imsubiri. Nilikuwa nimepoteza siku nzima kuieleza timu ya mwanzo kuwa tarehe haisogei, kinachopunguzwa ni kazi. Hawa walielewa kwa neno moja.

Mradi wenyewe ulikuwa wa tajiri yule yule, Mungu ambariki kwa subira. Bamvua la kwanza tulionyesha skrini moja: magunia yaliyotoka, yaliyofika, na sababu ya pengo. Karani aliitazama kwa video ya WhatsApp akiwa Mkoani, akatutolea makosa matatu kabla chai yake haijapoa. Kubwa lilikuwa mtandao unaokatika gatini. Simu ilipaswa kuhifadhi hesabu na kuituma baadaye, na kama tungeligundua mwishoni, tungeanza upya.

Kikao cha kila siku kilirudi chenyewe, baada ya chai ya saa nne. Barzani watu hukaa na kahawa haimaliziki, basi sisi tunasimama nje, juani, na jua la Unguja ni mwenyekiti mzuri. Ninaanza mimi: "Nimekwama tangu juzi, nisaidieni." Ilichukua karibu mwezi mzima kabla mdogo wetu kuliko wote naye hajasema hivyo.

Mkataba usiuache ule wa malipo mawili, kusaini na kukabidhi. Omba malipo kwa awamu, na mwandikiane kuwa kipya kikiingia, cha ukubwa ule ule kinatoka. Mteja akikazania waraka mkubwa, mwandikie, huku ukiendelea kumwonyesha kila wiki mbili. Bamvua linaloangukia Ramadhani panga nusu ya kazi.

Timu ya matengenezo usiipe bamvua, kwani simu za wateja hazifuati mwezi. Hao wape kanbani, utaratibu uliotoka viwanda vya Toyota: ubao, kadi, na ukomo wa kazi zinazoendelea kwa pamoja. Ukomo ndio dawa. Ubao peke yake ni pambo la ukuta.

Karani bado ana daftari lake mezani, pembeni ya simu. Nilitaka kumwambia aliache, nikajizuia. Kila hesabu zinapopingana tunakaa naye kutafuta nani amekosea, na mpaka sasa daftari limeshinda mara nne, mfumo mara mbili.