Maswali na Majibu: Angriti, na Ile Sumaku Yenu

Tangu nigusie angriti, kundi la vimondo vya mawe vya kale sana, safu iliyopita, maswali yamemiminika. Ya bei nimeyaacha yalale.

Jina hili "angriti" limetoka wapi?

Angra dos Reis, Brazil. Januari 1869 kimondo kilidondoka kwenye ghuba ya huko, na kundi zima likaitwa kwa jina lake. Kichekesho ni kwamba huyo aliyewapa wenzake jina hafanani nao: zaidi ya asilimia 90 yake ni aina moja tu ya madini, pirokseni. Angriti nyingine nyingi ni basalti, yaani lava iliyoganda.

Ndani yake mna madini gani hasa?

Pirokseni yenye alumini na titani nyingi, olivini (madini ya kijani) iliyojaa kalsiamu kuliko kawaida, na anothiti karibu safi, ambayo ni feldspa ya kalsiamu. Baadhi zina kirshsteiniti pia, ndugu wa olivini aliyebeba kalsiamu na chuma. Lakini msinihesabie yaliyomo tu, tazameni na kilichokosekana: sodiamu. Feldspa ya basalti za duniani haikosi sodiamu. Ya angriti ni ya kalsiamu karibu tupu. Gimba mama, yaani gimba la angani ambalo angriti zilimeguka kwake, lilikuwa limepungukiwa sana na elementi zinazovukizwa kirahisi na joto.

Nimeokota jiwe jeusi lina vitundu. Ni kimondo?

Hapana. Na wewe uliyetuma picha tatu za jiwe hilohilo, bado hapana. Aghalabu ni lava ya kawaida au taka za tanuru la chuma.

Mbona D'Orbigny ina vitundu?

Nilijua mtanishika hapo. Kweli, D'Orbigny, iliyopatikana Argentina mwaka 1979, kilo 16 na ushei, ina vitundu na kioo pia. Gesi ilikuwa ikitoka kwenye lava ilipokuwa ikiganda. Ila hiyo ilitambuliwa kwa kupimwa madini na isotopu zake (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti), si kwa vitundu. Jiwe moja la ajabu halifanyi kila jiwe lenye matundu kuwa la mbinguni.

Nimeligusisha na sumaku, haikunasa. Nilitupe?

Usilitupe, itupe sumaku. Angriti ina chuma kingi, lakini karibu chote kimefungwa ndani ya silikati (madini ya silika kama pirokseni na olivini), kwa hiyo sumaku ya mkononi inaweza kukudanganya. Hilo ndilo kosa dogo.

Kosa kubwa ni hili. Lava inapopoa, chembechembe zake hunasa alama ya uga wa sumaku uliokuwapo. Watafiti walizipima D'Orbigny na angriti wenzake wa kivolkano wasikute dalili ya uga wenye nguvu. Kwa ukimya huo walikadiria kwamba wingu la gesi lililolizunguka Jua changa, ambalo ndilo lingebeba uga huo, lilikuwa limekwisha kutawanyika takriban miaka milioni 4 baada ya mfumo wa Jua kuanza. Jiwe likisha kupapaswa na sumaku, alama yake ya kale hufunikwa na ya kwako, na maabara itapima uga wa kile kipande ulichobandua kwenye mlango wa friji. Wafanyabiashara wa vimondo wameshaharibu mengi kwa namna hii, nao wanajiita wataalamu. Funga jiwe, andika mahali na tarehe, peleka kwa wanajiolojia.

Zina umri gani?

Za kivolkano, takriban miaka milioni 4,564, kwa saa ya urani, ambayo huoza polepole na kugeuka metali ya risasi. Ni miongoni mwa lava kongwe kabisa tulizo nazo. Joto la kuyeyusha gimba mama mapema hivyo lilitoka hasa kwa alumini-26, alumini yenye mionzi ambayo nusu yake huoza kila miaka 700,000 hivi. Kulikuwa na haraka.

Nimesoma kwamba zimetoka Utaridi.

Umesoma dhana ya zamani. Chombo cha anga cha MESSENGER kiliizunguka Utaridi kuanzia 2011 hadi 2015, kikakuta uso wenye chuma kidogo na sodiamu ya kutosha. Angriti ni kinyume chake kwa yote mawili. Asteroidi kubwa ya Vesta nayo haifai, uwiano wa isotopu za oksijeni yake haulingani na wa angriti. Huenda gimba mama lilivunjwa zamani na vipande vyake vikabaki kuzurura kati ya asteroidi.

Nilikate kidogo nione ndani?

Usilikate.