Barua kwa Salim, kuhusu kampuni ya mzee wako

Mwanangu Salim,

Jumapili ulinikamata kwenye pakingi ya msikiti ukanipa maswali mawili kwa mpigo. La kwanza, je, uinunue kampuni ya yule mzee unayemfanyia kazi ya umeme, maana anastaafu na wanawe hawaitaki? La pili, kwa nini mimi, miaka yote hii hapa Durham, Marekani, sijamiliki hata kibanda cha biashara? La kwanza nilikujibu "tutaona". La pili nikajifanya natafuta funguo. Naanza na hilo la pili, ndilo linaloniuma.

Mwaka 2004 nilikuwa msimamizi wa usafi wa usiku kwenye majengo manne. Wafanyakazi nawatafuta mimi, zamu napanga mimi, na mteja mmoja akipata tatizo ananipigia mimi, ofisini hapigi. Siku moja akaniambia, fungua kampuni yako, kazi nakupa. Nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu ndani ya gari. Kumbe siku ya kuajiriwa nilitia saini kwamba nikiondoka sitamgusa mteja wao kwa miaka miwili. Kurasa sita, sikusoma hata moja. Nilikuwa nawaza basi la mwisho linapita saa ngapi. Benki nao wakataka rehani nisiyokuwa nayo. Kisha zamu yangu ya upatu ikafika, dola 8,000 ndani ya bahasha ya kaki, na zote nikazipeleka Tanga kumwaga msingi wa nyumba ya Kange. Nyumba yenyewe unaijua, anakaa shangazi yako na mbuzi wake.

Nafasi nilinyimwa, mwanangu, sikatai. Lakini nyingine niliitupa kwa mkono wangu.

Nilipokuja mji huu, kinyozi wangu mmoja mzee alinisimulia habari za John Merrick. Alizaliwa mtumwa mwaka 1859, akawa fundi wa matofali, kisha kinyozi. Aliwanyoa matajiri wa tumbaku, akina Duke, na akafikia kuwa na saluni kadhaa. Mwaka 1898 yeye na wenzake, akiwemo Daktari Aaron Moore, wakaanzisha kampuni ya bima, North Carolina Mutual, kwa visenti ambavyo watu maskini walivitoa kila wiki kwa ajili ya ugonjwa na mazishi. Mwaka huohuo, Novemba, kule Wilmington, jimboni hapahapa, wazungu wenye silaha waliipindua serikali ya mji na kuua watu weusi. Mimi ujasiri wa Merrick siuzungumzii. Ninachokitazama ni kwamba alijua kiti cha kinyozi kinaingiza pesa ukiwa umesimama tu, akatafuta kitu kitakachoingiza hata akilala. Kampuni ile iliishi zaidi ya miaka 100. Hayti, mtaa wa watu weusi, haukubahatika hivyo: ile barabara 147 unayopita kwenda kazini ilipasuliwa katikati yake.

Sasa la kwako. Nchi hii watu weusi ni kama asilimia 13, lakini katika kampuni zote zenye waajiriwa, wao wanamiliki kama asilimia 3 tu. Wengi wetu biashara ni mtu mmoja na gari lake. Wewe unapewa kampuni yenye mafundi, magari na wateja wanaolipa tayari. Nisikilize: usianze kutoka sifuri kwa sababu ya fahari.

Ila leseni kwanza. Hapa North Carolina leseni ya mkandarasi wa umeme husimama juu ya mtu aliyefaulu mtihani. Mzee akiondoka na wewe hujafaulu, umenunua magari na ngazi. Kafanye mtihani kabla hujatia saini yoyote. Pesa, kuna mkopo wa benki unaodhaminiwa na Wakala wa Biashara Ndogo wa serikali, na kwa kawaida mnunuzi huweka angalau asilimia 10 zake. Mwombe mzee sehemu ya bei iwe deni umlipe polepole. Hapo ukimpigia simu kuhusu mteja msumbufu atapokea haraka. Ule mpango wa zabuni za serikali kwa biashara ndogo za waliobaguliwa, unaoitwa 8(a), usiupigie hesabu. Tangu jaji wa Tennessee aamue Julai 2023, weusi wako peke yake hautoshi, lazima uandike mwenyewe ulivyobaguliwa, wakupime. Mama yako alisema angewaandikia kitabu.

Na umuulize mzee, wateja wake wana mikataba au wanakuja kwa sababu wanacheza naye gofu? Hilo usiogope kumwuliza, hata kama ni mkubwa wako.

Zamu yangu ya upatu ni Machi. Safari hii nyumba ya Kange haipati kitu. Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa nane mchana. Lete ritani za kodi za kampuni za miaka mitatu, na rasimu ya mkataba kama ameshakupa. Nimenunua miwani mipya ya kusomea.

Baba yako