Neno "mume" utaliandika vipi: barua kwa mwanangu aliyeko Gulu

Arusha, Jumamosi usiku

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umemaliza kitabu cha Evelyn Amony, yule mwanamke wa Kiacholi wa kaskazini mwa Uganda aliyetekwa na waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, mwaka 1994 akiwa hata miaka 12 hajatimiza, akatoka mwaka 2005 akiwa mama wa watoto. Kuna jambo limekukaa kooni: "Anamwita Kony mume wake. Mahakama inasema ile haikuwa ndoa, ni uhalifu. Jumatatu naanza kuwasikiliza akina mama waliopitia hayohayo. Mimi niandike neno gani?"

Andika neno alilolitamka yeye, kwa lugha aliyolitamkia. Hilo ndilo jibu, lakini usipojua lilikotoka utalisahau siku ya kwanza tu mfasiri akianza kukuharakisha.

Anza na Kiswahili chetu wenyewe, maana nacho kina mtego wake. Tunasema mwanamke "ameolewa", na ndani ya neno hilo mna posa, mna mahari, mna wazee wa pande mbili waliokaa wakakubaliana. Tukitaka kusema alilazimishwa tunasema "aliozwa kwa nguvu". Haya, nani alimwoza? Anayeoza ni mzazi. Huko msituni mzazi hakuwepo. Mzazi ndiye aliyeibiwa mtoto. Ukiandika "aliozwa" umemweka baba yake kwenye kosa ambalo hakulitenda. Sikiliza vizuri: wengi watasema "nilipewa" fulani, au "niligawiwa". Hilo ndilo neno sahihi kuliko yote, kwa sababu makamanda walikuwa wakigawa wasichana kama wanavyogawa mizigo ya vita. Waliokuwa bado hawajavunja ungo waliitwa ting ting. Walichota maji, walipika, walibeba watoto wa wakubwa. Wakishakua wanagawiwa. Mwanamume akifa, mwanamke anapewa mwingine.

Kiacholi nacho kina mtego. Dako ni mwanamke, na dako ni mke. Mama akisema neno hilo, mfasiri mwenye haraka ataandika "mke" pote, nawe utarudi na daftari lililojaa harusi ambazo hazikuwahi kufungwa. Kwa desturi ya Waacholi ndoa ni mazungumzo ya koo mbili na mali inayotoka upande wa kijana kwenda upande wa binti. Mtoto akizaliwa nje ya hapo, upande wa baba hulipa faini iitwayo luk. Huko msituni havikuwepo vyote viwili. Kwa hiyo hata mzee wa Kiacholi asiyejua sheria hata kifungu kimoja atakuambia ile si ndoa.

Sasa mahakama. Wanasheria wenyewe walibishana kwanza. Mwaka 2007 huko Freetown, mahakama maalumu ya Sierra Leone ilisema kwa wingi wa majaji kwamba ndoa ya kulazimishwa imeshamezwa na kosa la utumwa wa ngono, haina haja ya jina lake. Mmoja wa wingi huo alikuwa Mganda, Julia Sebutinde. Jaji Teresa Doherty akapinga, na Februari 2008 majaji wa rufaa wakakubali kwamba ni kosa linalosimama peke yake. Kwa upande wa LRA, kamanda wao Dominic Ongwen alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tarehe 4 Februari 2021 kwa makosa 61, yakiwemo ya ndoa ya kulazimishwa, akapewa miaka 25. Rufaa yake ikagonga mwamba Desemba 2022. (Naye alitekwa akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Mahakama iliyaangalia hayo ilipopanga adhabu, lakini haikumfutia hatia.)

Kwa nini ubishi huo ukuhusu? Kwa sababu ya hoja iliyoshinda. Majaji walisema kubakwa ni kosa moja, na kufanywa mtumwa ni jingine, lakini kuna dhara la tatu: kubandikwa hadhi ya kuwa mke wa mtu, pamoja na wajibu wake wote, bila kuulizwa. Hadhi hiyo haivuki mto ukaiacha ng'ambo. Inakufuata nyumbani, kijiji kinakuita "mke wa Kony" hata miaka kumi baadaye, na watoto wanakufunga kwa mtu uliyemkimbia. Kwa hiyo Evelyn akisema "mume" na mahakama ikisema "uhalifu", hawapingani. Jina hilo la mume ndilo dhara lenyewe.

Wanawake saba walitoa ushahidi wao dhidi ya Ongwen mwaka 2015, kabla hata kesi haijaanza kusikilizwa, mbele ya jaji kwa njia ya video, faraghani. Iliharakishwa hivyo kwa hofu kwamba wangeshinikizwa wanyamaze. Kumbuka hilo unapopanga ratiba yako: shinikizo huwa linatoka kwa mtu wa karibu.

Tuje kwenye kazi yako ya Jumatatu.

Siku ya kwanza usiwashe kinasa sauti. Mweleze unachotaka, nani atasoma, na kwamba anaweza kukata sehemu yoyote hata baada ya kuisema. Muulize swali moja la maana kuliko yote: nyumbani kwako nani anajua? Wengi wameolewa upya, safari hii kweli, na wengine mawifi hawajui, au wanajua na huwa wanalitumia siku za ugomvi. Kwa hiyo mahali pa kukutana achague yeye, na gari lenye nembo liachwe barabarani. Likiegeshwa mlangoni, kufikia jioni majirani wameshajua, na wameshaamini kwamba kuna fedha zimeshushwa. Nauli na chakula cha mchana toeni kiasi kilekile kwa kila mtu, kitajwe mapema. Mkiongeza kwa mwenye kisa kizito, wiki ya pili visa vyote vitakuwa vizito.

Mtoto akija naye, awepo mtu wa kukaa naye mbali. Mtoto wa miaka minne hurudia alichosikia.

Siku ya pili mpe kamba. Mita tatu zinatosha, itandikwe juu ya mkeka, ncha moja ni kuzaliwa, ncha ya pili iachwe imeviringwa maana maisha bado yanaendelea. Jiwe kwa kila jambo gumu, ua kwa kila jema. Anaweka mwenyewe, anataja jina tu, hachimbi. Utaona anaanza na ua, nyumba ya bibi au shule, kabla ya jiwe la kutekwa, na hilo peke yake linakuzuia usianze kumuuliza kuhusu usiku ule kama askari wa upelelezi. Nakuonya lakini: kamba hiyo imetoka kwenye tiba ya watu wenye majeraha ya moyo. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliofanywa na vijana 85 wa kaskazini mwa Uganda waliowahi kuwa askari watoto. Wahudumu wenyeji waliofundishwa waliitumia kwa vikao vinane, na hali ya waliotibiwa hivyo ikawa nafuu. Wewe hukufundishwa. Chukua kamba kwa ajili ya kupanga matukio tu. Akianza kutetemeka au macho yakaenda mbali, acha, mrudishe kwenye chumba, mwambie ataje vitu anavyoviona. Kikao kisizidi dakika 90.

Usiulize mwaka. Uliza mvua au kiangazi, uliza mtoto yupi alikuwa mgongoni. Kisha wewe ndiye utafute mwaka: jeshi la Uganda liliingia Sudan kuwasaka waasi Machi 2002, shambulio la waasi huko Lukodi, karibu na Gulu, ni tarehe 19 Mei 2004. Masimulizi mawili yakipishana kwa mwaka mmoja, usiandike "anajichanganya". Andika yote mawili. Na ukisikia kisa kinatiririka kama risala, hakina hata "ngoja nikumbuke", ujue ameshakisimulia kwa mashirika mengi. Si uongo; ni njia iliyokanyagwa sana. Muulize kuhusu chakula au viatu, utamtoa kwenye njia hiyo.

Swali la "kwa nini hukutoroka" lifute kwenye karatasi yako. Aliyekamatwa akitoroka aliuawa, na mara nyingi mateka wenzake ndio waliolazimishwa kumuua. Julai 2002 mateka mmoja alitoroka, waasi wakaenda Mucwini, Kitgum, wakaua zaidi ya watu 50. Hesabu hiyo kila msichana aliijua. Ongeza mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Binti mmoja wa Evelyn mwenyewe alipotea katikati ya mapigano.

Sehemu itakayokusumbua zaidi ni ya ndugu. Utakutana na mama anayetafuta kwa miaka ukoo wa mwanamume aliyegawiwa kwake, anakwenda kwa mama wa mtu huyo, anapiga magoti, anasalimia. Usikimbilie kuandika mapenzi. Ardhi Uacholini hupitia kwa baba. Mtoto wa kiume ambaye luk yake haikulipwa akifika miaka 15, wajomba wataanza kumwambia aende kwao. Fomu ya kitambulisho nayo inauliza jina la baba, kabila na ukoo. Ndiyo maana anamtafuta. Mambo yakienda vizuri, wazee wa koo mbili hukutana kwanza bila mtoto, kisha anapelekwa na kutambulishwa. Yakiharibika, ukoo unamtaka mtoto na unamtaka na mama pia, "mke wetu arudi". Ukisikia sentensi hiyo, mjulishe msimamizi wako siku hiyohiyo.

Wengine watakuambia nyumbani walipokewa kwa kukanyaga yai, nyono tong gweno: yai linalazwa njiani pamoja na kijiti cha opobo chenye utelezi na layibi, mti wa kuegemezea paa la ghala, mtu anakanyaga anaingia. Kiini cha habari ni hapa: muulize nani alileta yai. Na wengine wana cheti cha msamaha, kwa sheria ya Uganda ya mwaka 2000 ya kuwasamehe waliotoka kwa waasi, kilichokuja na shilingi 263,000 za Uganda, godoro, sufuria na jembe. Waulize walijisikiaje kusamehewa. Aliyetekwa akiwa na miaka 11 anajua fika kwamba hakumkosea mtu.

Kwenye daftari lako chora safu tatu. Ya kwanza, neno la Kiacholi kama lilivyotamkwa. Ya pili, alivyosema mfasiri. Ya tatu, nani mwenye neno: yeye, jirani, mahakama, au wewe. Na ile fomu ya ofisi yenu yenye mstari wa "jina la mume", kabla hujamsomea mtu, ukate kwa kalamu. Juu yake andika "baba wa watoto", mwoneshe, umuulize kama hilo linafaa. Akisema liandikwe "mume", liandike. Akisema paachwe wazi, paache wazi.

Kamba nimeifunga kwenye kifurushi pamoja na majani ya chai, kitapanda basi la Jumapili. Nimeikata mita nne, ili ile ncha ya kuviringa isiwe fupi.

Mama yako