Kwa nini meli za makontena hazihamii njia ya Aktiki?

SWALI: Ninasomea usafirishaji wa baharini. Kupitia kaskazini mwa Urusi, safari ya Rotterdam hadi Yokohama inapungua kutoka takriban maili 11,200 za baharini hadi 7,300. Kwa nini basi meli za makontena bado zinashikilia njia za kusini, kama ya Mfereji wa Suez? Na je, safari fupi haipunguzi uchafuzi?

JIBU: Umbali umeupata sawasawa, lakini anachouza mwenye meli ya makontena ni ratiba. Meli inayopita Suez hufanya kazi kama basi la masafa marefu, ikishusha na kupakia Singapore, Colombo au Jeddah, na kila kituo huongeza mapato. Pwani ya Siberia haina wateja wa kiasi hicho. Tena, Mlango-Bahari wa Sannikov, unaopita katikati ya visiwa vilivyo kwenye njia hiyo, una kina cha mita 13 hivi, kwa hiyo meli kubwa iliyojaa hulazimika kuzunguka kaskazini ya visiwa hivyo, kwenye barafu nzito zaidi. Novemba 2021 barafu iliganda mapema na kunasa meli zipatazo 20. Mteja anayesubiri vipuri vya kiwanda hawezi kupanga kazi kwa bahati ya namna hiyo. Kampuni ya meli ya Maersk ilijaribu njia hiyo mwaka 2018 kwa meli ya makontena 3,600 hivi, kisha ikasema haioni kuwa ni mbadala wa kibiashara kwa wakati huo.

Wanaonufaika kweli ni wenye shehena yao hukohuko, hasa gesi asilia ya kimiminika inayopakiwa katika bandari ya Sabetta, kwenye rasi ya Yamal huko Siberia. Mwaka 2023 njia hiyo ilibeba tani milioni 36 hivi, lakini zilizovuka kutoka mwanzo hadi mwisho wake zilikuwa kama milioni 2 tu.

Kuhusu uchafuzi, gawanya mafuta yaliyochomwa kwa idadi ya makontena, usiishie kwenye jumla ya safari. Meli ndogo yenye bodi nzito ya kuhimili barafu, inayotanguliwa na meli ya kuvunja barafu, hupoteza sehemu kubwa ya faida ya ufupi wa njia. Kinachonitia hofu zaidi ni masizi ya moshi wa meli: yakitua juu ya barafu nyeupe huitia weusi, nayo hunyonya joto la jua iliyokuwa ikilirudisha angani, ikayeyuka upesi zaidi. Marufuku ya meli kutumia mafuta mazito katika Aktiki ilianza tarehe 1 Julai 2024, ila baadhi ya meli zinaweza kusamehewa hadi Julai 2029, muda ambao mimi nauona mrefu mno, kwa sababu mafuta yakimwagika kwenye baridi hukawia sana kuoza. Huko Alaska, zaidi ya miaka 20 baada ya ajali ya meli ya mafuta Exxon Valdez ya 1989, ukifukua changarawe za baadhi ya fukwe ulikuwa bado unayakuta.