Matajiri hawajibu imeli zangu

Swali: Anti, nimepewa niongoze kitengo cha wafadhili wakubwa kwenye shirika la kutetea wanyama, nimewaandikia matajiri 60 imeli ileile, kimya. Nakosea wapi?

Jibu: Hapo hapo kwenye "ileile", mwanangu. Anza na wale wanaochangia kidogo kidogo kila mwaka bila kukosa, humo ndo mara nyingi anajificha mwenye uwezo, mpigie umshukuru, muulize kwa nini punda au mbwa wanamgusa, halafu nyamaza umsikilize (hapa wengi ndo hushindwa). Mwalike aione kliniki. Hela uombe baadaye, ana kwa ana, utaje kiasi na kazi yake, mfano kuhasi mbwa mwaka mzima. Akisema pesa ni ya punda, usiipeleke kwenye mishahara. Na bodi yenu je, inachangia? Maana atauliza.