Kompaila inakwama kila mara mahali tofauti

Swali: Shikamoo fundi. Nasoma chuo hapa Dodoma. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM vijiti viwili vya GB 4. Nikijenga programu kubwa kwa GCC, ile kompaila ya kugeuza msimbo kuwa programu, inakatika, inasema kosa la ndani ya kompaila, signali 11. Nikirudia, inavuka pale na kukwama kwenye faili jingine. Linux nimeiweka upya mara mbili. Je, GCC ni mbovu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hapo uliposema "inavuka pale" ndipo penye jibu. Kosa la GCC kwa kawaida halihami: faili lilelile, mstari uleule, leo na kesho. Likihamahama, shuku vifaa, na uanze na RAM.

Utauliza mbona video zinacheza vizuri. Biti moja (ile 0 au 1) ikigeuka ndani ya picha, nukta moja inabadilika rangi, hata huioni. Kompaila hujaza RAM kwa anwani, hii ikielekeza kwenye ile. Biti ikigeuka humo, kompaila inakwenda kusoma pasipo pake na Linux inaikata papo hapo. Ndiyo signali 11. Ingekuwa signali 9, ningeshuku RAM imejaa tu, ningekwambia upunguze namba ya -j, yaani kazi ngapi make inafanya kwa pamoja.

Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washia mashine hapo, iache usiku kucha. Mstari mwekundu hata mmoja ni ugonjwa.

Ukiuona, usikimbilie dukani. Niliwahi kumnunulisha mteja RAM mpya, kumbe shida ni vumbi kwenye sloti, pale kijiti kinapochomekwa. Hela yake inaniuma mpaka leo. Kiangazi cha Dodoma unakijua. Chomoa waya wa umeme, toa vijiti, angalia meno yake ya dhahabu: yakifubaa, yasugue taratibu kwa raba ya penseli. Ule unga mwekundu ndani ya sloti utoe kwa brashi kavu. Kisha pima kijiti kimoja kimoja, sloti ileile. Kinachokosea peke yake ndicho kibovu. Vikikosea vyote, jaribu sloti ya pili. Vikipona huko, sloti ya kwanza ndiyo mbovu.

Mashine ikitulia, endesha make clean ili ufute vilivyojengwa, ujenge upya, na kama unatunza msimbo kwa Git, endesha git fsck ikague kama kuna kilichoharibika humo. Biti iliyogeuka huenda ilishaandikwa kwenye diski, ndani ya kazi yako ya chuo.