Kifutu kwenye ndoo

SWALI: Shikamoo mzee. Nimemkamata nyoka aina ya kifutu shambani Kahe, nimemweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Nataka kumfuga. Nimlishe nini? Msomaji, Moshi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Chakula ni panya, lakini mimi nauwazia huo mfuniko. Nimewahudumia vifutu hapa Arusha miaka kumi na miwili, na hadi leo sifungui boksi bila fimbo ya ndoano na mtu wa pili chumbani. Kifutu hulala kama gogo, ukadhani mvivu. Akirusha kichwa, mkono hauwahi kukwepa. Sumu yake huozesha nyama. Mwenzangu aliumwa kidole: kilivimba, kikawa cheusi, ngozi ikapasuka kama ndizi iliyoiva mno. Tena jike huzaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40, kila mmoja na sumu yake tangu siku ya kwanza.

Kumfuga kunahitaji kibali cha wanyamapori. Tafadhali usiifungue ndoo. Iweke kivulini, mbali na watoto, uwaite maofisa wanyamapori wa wilaya. Akikuuma, usichanje wala kufunga kamba. Tuliza kiungo, wahi hospitali.

Ukipenda kuwajua, nenda bustani ya nyoka ya Meserani, karibu na Arusha, ukawatazame kwa utulivu.